Tuwasikilize Waliokuwa Wakisikiliza

(Hotuba niliyoitoa mbele ya walimu wa Historia na Uraia wa shule za sekondari, Dar es Salaam. Naiweka yote kwa ajili ya wale waliokwamishwa njiani na mvua ya siku ile. Vipande vya sauti na picha tulivyovicheza ukumbini sikuviweka; pale ilipobidi nimevieleza kwa maneno.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliostaafu na bado mkakubali kuamka alfajiri kuja kutusikiliza, walimu wenzangu: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za asubuhi kwa wote.

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Kwa miaka kumi na mmoja niliwafundisha wanafunzi wa kidato cha sita kwamba tarehe 30 Juni 1960, mjini Leopoldville, ambao leo tunauita Kinshasa, Patrice Lumumba alimgeukia Mfalme Baudouin wa Ubelgiji akamwambia kwamba sisi si nyani wenu tena. Nilikuwa naitamka sentensi hiyo kwa madaha. Nilinyamaza kidogo kabla yake, kama mhubiri, ili iwaingie vizuri. Darasa zima liliipenda. Mwaka mmoja binti mkimya wa dawati la nyuma, ambaye nyumbani kwao Kifaransa kilizungumzwa kwa kuwa mama yake alitoka Bukavu, aliniletea rekodi ya hotuba ile kwenye simu, akaniuliza kwa adabu zote: "Samahani Mwalimu, hapo unapopasema ni dakika ya ngapi?"

Hapakuwa na dakika hiyo. Jioni ile niliisikiliza rekodi mara tatu, nikatafuta na picha zake, nikalinganisha na maandishi ya hotuba, na ile sentensi yangu ya madaha haikuwamo popote. Ni maneno yaliyozuliwa, yakapendwa, yakarudiwa na waandishi mmoja baada ya mwingine hata yakawa kama kweli, na mimi, mwalimu wa Historia, nilikuwa mmoja wa wasambazaji wake. Bila rekodi ningegundua vipi? Nisingegundua. Ningestaafu nalo.

Yaliyomo kwenye rekodi ni mazito kuliko uzushi ule. Lumumba anazungumzia kejeli, matusi na mapigo ambayo Wakongo waliyapata asubuhi, mchana na jioni kwa sababu tu walikuwa weusi. Anakumbusha kwamba mtu mweusi aliitwa kwa lile neno la Kifaransa la "wewe" wanaloambiwa watoto na marafiki, wala hakuitwa hivyo kwa urafiki, kwani lile la heshima lilikuwa limetengewa Wazungu. Sisi wa Kiswahili hatuna maneno mawili ya namna hiyo, lakini nani kati yetu hajui uzito wa kuitwa "we!" na kijana wa rika la mwanao?

Jambo lililoninyima usingizi usiku ule, hata hivyo, lilikuwa makofi. Mfalme alikuwa ametangulia kuhutubia, akamsifu Leopold wa Pili, yule yule ambaye katika utawala wake Wakongo walikatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. Akafuata Rais Kasavubu kwa maneno ya upole. Kisha akasimama Lumumba, Waziri Mkuu, ambaye jina lake halikuwamo kwenye ratiba ya wazungumzaji. Anaanza, na baada ya muda mfupi makofi yanamkatiza. Anaendelea, yanamkatiza tena. Sasa jiulizeni: anayepiga makofi ni nani, ikiwa ndani ya ukumbi huo huo wameketi mfalme na ujumbe wake? Ukumbi ule ulikuwa na hadhira mbili zilizokalia viti vya aina moja. Maandishi yananipa maneno ya Lumumba. Rekodi inanipa ufa uliokuwa unaupasua ukumbi wakati akiyasema. Zaidi ya hapo, mchana wa siku ile ile, kwenye karamu, Lumumba alisimama tena akatoa maneno ya kumheshimu mfalme. Hotuba hiyo ya pili ni wangapi kati yetu tumewahi kuifundisha? Nami sikuwahi, kwa sababu haina madaha.

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo nililolileta kwenu leo. Tumezoea, tunapotumia hotuba zilizorekodiwa na filamu za makala darasani, kumsikiliza anayesema. Mimi nimekuja kuwaomba tuwasikilize waliokuwa wakisikiliza. Mwenye kutaka kujua mwanasiasa alisema nini, kitabu kinamtosha. Hotuba ikichapwa kitabuni inakuwa kama minofu ya samaki: imetolewa miiba, imetolewa kichwa, imeoshwa ikawa safi. Lakini siasa ni uhusiano kati ya anayesema na wanaosikia, na ule uhusiano umo katika vile vitu ambavyo mhariri wa kitabu huvitupa: kikohozi, kicheko, mguno, makofi yaliyochelewa, kimya kilichorefuka kupita kiasi.

Niwaeleze kisa ambacho uelewa wa hadhira ulifikishwa mahakamani. Tarehe 22 Novemba 1992, mahali paitwapo Kabaya, kaskazini magharibi mwa Rwanda, msomi Léon Mugesera, mmoja wa viongozi wa chama tawala katika mkoa wa Gisenyi, alihutubia mkutano wa chama kwa Kinyarwanda. Mtu akarekodi. Katika hotuba hiyo Mugesera anasimulia jinsi alivyomwambia mpinzani wake kwamba kwao ni Ethiopia, na kwamba watawapitisha katika mto Nyabarongo ili wafike upesi. Sasa, mwalimu mwenzangu, hebu mpe mwanafunzi wa mbali sentensi hiyo ikiwa imetafsiriwa sawasawa, neno kwa neno. Atafikiri ni habari ya safari ya mashua.

Lakini watu waliokaa Kabaya siku ile walijua mambo mawili ambayo hayamo ndani ya sentensi. Walijua kwamba tangu ukoloni Watutsi walisemwa kuwa ni wageni waliotoka upande wa Ethiopia. Na walijua kwamba Nyabarongo haupitishi mashua ya kumfikisha mtu Ethiopia. Anayepitishwa humo kwa safari hiyo anakwenda akiwa maiti. Maji ya Nyabarongo huingia Kagera, na Kagera huingia katika Ziwa Victoria. Mwaka 1994, kuanzia Aprili, maiti zilizotupwa kwenye mito ya Rwanda ziliteremka na maji hayo hadi ziwani, na watu wa mwambao wa ziwa, wa upande wetu na wa Uganda, waliziona kwa macho yao.

Mugesera alikuwa amekwisha kukimbilia Kanada. Serikali ya huko ilitaka kumfukuza kwa sababu ya hotuba ile, na kwa miaka mingi mahakama zikabishana juu ya kanda moja ya Kinyarwanda: itafsiriwe vipi, isomwe vipi. Mwaka 2003 mahakama ya rufani ilimpa ushindi. Mwaka 2005 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ikaupindua uamuzi huo, na katika kufanya hivyo iliyapima maneno kwa kuangalia hali ya Rwanda ya wakati ule na jinsi wasikilizaji wale wangeyaelewa. Akarudishwa Rwanda Januari 2012, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha. Nadhani hakuna mfano ulio wazi zaidi ya huu: majaji wa nchi ya baridi, maelfu ya kilomita kutoka Kabaya, walilazimika kujifunza kusikia kwa masikio ya wanakijiji. Nasi tunafundisha hotuba kwa kuuliza tu "msemaji alitumia tamathali gani"?

Mtaniambia huo ni mfano wa lugha ya wengine. Haya, twendeni Kisumu, ambako lugha ni yetu.

Tarehe 25 Oktoba 1969, miezi mitatu na ushei baada ya Tom Mboya kuuawa Nairobi, Mzee Jomo Kenyatta alikwenda kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, hospitali ambayo wenyeji wanaiita "Russia" mpaka leo. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wake na sasa kiongozi wa chama cha upinzani cha KPU, alikuwapo. Wafuasi wake walikuwapo kwa wingi na hawakuwa wamekuja kimya kimya. Kenyatta aliacha mambo ya hospitali, akamshambulia Odinga kwa jina, mbele ya watu wake, kwa Kiswahili kikali kilichojaa matusi. Msafara ulipokuwa unaondoka risasi zikafyatuliwa. Serikali ilisema waliokufa ni watu 11. Wengine wanasema ni wengi zaidi. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini, na Kenya ikabaki na chama kimoja kwa muda mrefu.

Mmekisikia kipande hivi punde. Mmeona jinsi baadhi yenu mlivyocheka? Si kosa, Mzee alikuwa fundi wa kutukana, na tusi la Kiswahili safi lina utamu wake hata likiwa baya. Lakini nilipowarudishia kipande nikawaomba msimsikilize Kenyatta hata kidogo, mlisikia nini? Mlisikia kelele za mbali, kama mvua juu ya bati la jirani. Hao ndio watu wa Kisumu. Wako mbali kwa sababu kipaza sauti kiko mdomoni mwa Rais. Waliokuwa uwanjani hawakuzisikia kelele hizo kwa mbali. Walikuwa ndani yake. Kipaza sauti, ndugu zangu, nacho kina chama chake, na mwanafunzi anayejifunza siasa kwa rekodi lazima aulize kilikuwa kimeelekezwa kwa nani, kama anavyouliza mpiga kura alikuwa nani.

Nakuja kwenye filamu. Huku hadhira ni mbili tangu mwanzo: kuna watu walio mbele ya kamera, na kuna watu watakaokalishwa mbele ya turubai. Mara nyingi sana watu hao si wamoja.

Wangapi hapa wanajua kwamba kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri, juu ya milima ya Usambara, palikuwa na kituo cha kutengenezea filamu? Naona mikono minne. Mradi ule uligharimiwa na shirika la Carnegie la Marekani, ukasimamiwa na Waingereza wawili, Notcutt na Latham, na ukatoa filamu fupi zipatazo 35 juu ya kilimo, afya na uchumi wa nyumbani. Sauti iliwekwa kwenye santuri ili ibadilishwe kufuatana na lugha ya mahali, na lori likazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda na kusini zaidi. Moja ilikuwa juu ya benki ya akiba ya Posta: ukifukia fedha zako ardhini, mwizi atazifukua, zipeleke Posta. Katika filamu za serikali za kikoloni za miaka iliyofuata, wakubwa walishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda haraka, kwa hiyo kila kitu kiende polepole, kamera itulie, jambo lirudiwe.

Ukizitazama filamu za namna hiyo ili ujue wakulima wetu waliishi vipi, utapata kidogo, na hicho kidogo ukishuku. Zitazame ili ujue mtawala aliwaza nini juu ya mtazamaji wake, hapo utapata shule nzima. Kila picha iliyovutwa mno ni maoni ya ofisa juu ya akili ya babu yako. Na wakati huo huo, nyuma ya mwigizaji anayefukia fedha, pembeni kabisa mwa picha, huenda akapita mtoto ambaye hakuambiwa aigize. Mtazameni huyo mtoto. Amevaa nini? Anamtazama nani? Mkoloni hakumpanga, na kwa sababu hiyo mimi namwamini kuliko wengine wote.

Sasa miaka sabini mbele: Mwanza. Mnajua nakwenda wapi. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, Mwaustria, inayoitwa kwa Kiingereza Darwin's Nightmare, ambayo hapa nchini hakuna aliyejisumbua kutamka jina lake kwa sababu tulikuwa na jina letu: filamu ya mapanki. Inahusu sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani zama za ukoloni akawala wenziwe. Minofu inapakiwa kwenye ndege za Ilyushin kwenda Ulaya, na wenyeji wanabaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa, yaliyoanikwa kwenye vichanja huku funza wakitambaa matopeni. Filamu inadokeza pia kwamba ndege zile haziji tupu, zinaleta silaha. Ilisifiwa sana Ulaya, ikaingia katika kinyang'anyiro cha Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani, na mjadala ukawa mkali; wapo waliosema imetuvua nguo mbele ya dunia, na wapo waliosema imesema kweli. Kulikuwa na hoja za msingi kabisa, kwa mfano kwamba sehemu kubwa ya mapanki ilikwenda kutengenezwa chakula cha mifugo, jambo ambalo mtazamaji wa Ulaya hawezi kulijua kwa kutazama tu.

Mwaka ule nilikuwa Mwanza kwa msiba. Siku moja, pale Mwaloni Kirumba, nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akipanga dagaa kwenye turubai ana maoni gani juu ya filamu ile inayogombaniwa. Aliendelea kupanga, akaniuliza ilionyeshwa wapi. Nikasema Ulaya, na watu wengine wanayo kwenye diski. Akaniuliza mimi nimeiona? Nikasema sijaiona. Akasema basi tuko sawa, akanisogezea fungu la dagaa ili ninunue. Nilinunua. Niliporudi Dar es Salaam niliitafuta filamu nikaitazama, na mpaka leo nina maoni mchanganyiko juu yake: naona ina huruma ya kweli kwa watu iliowaonyesha, na naona inapenda mno kudokeza mambo ambayo ilipaswa kuyathibitisha. Lakini somo langu la kwanza nililipata pale kwenye turubai la dagaa. Ubishi wa taifa zima ulikuwa unaendelea juu ya filamu ambayo wanaoonyeshwa ndani yake hawakuonyeshwa.

Je, kuna filamu ambayo mwenye nguvu aliyepigwa picha alitaka kuwa mwongozaji? Iko. Mwaka 1974 Barbet Schroeder alitengeneza filamu juu ya Idi Amin, na Amin alimwelekeza apendavyo: akaandaa mazoezi ya kijeshi ya kuiteka milima ya Golan huku akiwa Uganda, akapiga kinanda cha mkono, akatoa mafunzo ya kila kitu. Mwongozaji akaiita taswira ya Amin aliyoichora mwenyewe. Amin alipopata habari za toleo kamili lililokuwa likionyeshwa nje, akadai vipande fulani vikatwe. Alipokataliwa, akawakusanya raia wa Ufaransa waliokuwa Uganda hotelini, askari wakizunguka nje, akawapa namba ya simu ya mwongozaji. Dakika mbili na nusu zikakatwa. Zilirudishwa baada ya Amin kuanguka. (Mhariri mwenye jeshi ni mhariri wa aina yake.)

Ninachowaomba wanafunzi wakitazame ni kikao cha Baraza la Mawaziri. Amin anaongea, mawaziri wanaandika. Anatoka huku, anaingia kule, anakemea, anashauri, na wao wanaandika. Nawaambia wanafunzi: funikeni uso wa Amin kwa kiganja, hesabuni kalamu. Baada ya dakika moja darasa linanyamaza lenyewe. Anamlaumu Waziri wa Mambo ya Nje, Michael Ondoga, kwa kazi yake; muda mfupi baadaye mwili wa Ondoga ukaopolewa kutoka Mto Nile. Unaweza kusoma kurasa mia tano juu ya udikteta usipate kitu kinachofanana na zile kalamu.

Najua mnachotaka kuniuliza, maana mmeanza kunong'ona: Mwalimu, shule yetu haina projekta, umeme ni wa kubahatisha, darasa lina watoto sabini. Nami nimefundisha katika hali hiyo. Chukueni simu moja, iwekeni ndani ya sufuria tupu ya ukubwa wa wastani, mdomo wa sufuria uelekee darasani, sauti itafika dawati la nyuma. Kipande kisizidi dakika nne. Mara ya kwanza wasikilize tu, bila kuandika, kwa kuwa anayeandika anakuwa kama mawaziri wa Amin. Mara ya pili waandike kila kitu ambacho si neno la msemaji: makofi, kimya, mtu aliyeita kitu, honi ya gari. Mkiwa na picha, mara moja izimeni sauti, na mara nyingine geuzeni simu msikie bila kuona. Ndipo muulize nani alirekodi, alisimama wapi, nani alimlipa, nani alikata, na kilichokatwa kilikwenda wapi. Swali hili la mwisho ndilo gumu. Niliwahi kwenda kwenye ofisi moja, siitaji, kutafuta mikanda ya hotuba za miaka ya sabini, nikakuta baadhi yake imerekodiwa kwaya juu yake. Kwaya nzuri kwa kweli. Ukitega sikio mwishoni mwa wimbo wa nne unasikia mtu akisema "ndugu wananchi", kisha mkanda unakwisha.

Na hizi klipu za kwenye simu? Kila ukikaribia uchaguzi mnaletewa Mwalimu Nyerere akiwa Mbeya, Mei Mosi ya 1995, akizungumzia rushwa, udini, ukabila na sifa za mtu wa kwenda Ikulu. Ni hotuba ndefu, na aliitoa miezi michache kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu viliporudishwa. Zinazotufikia ni sekunde arobaini, nyingi zimekatwa palepale anapomaliza sentensi. Kwa nini palepale? Kwa sababu baada ya sentensi wafanyakazi wanacheka, na kicheko kile kina wenyewe na kina mwaka wake. Kikibaki, kitatukumbusha kwamba anasemwa mtu wa 1995. Kikiondolewa, maneno yanaweza kuelekezwa kwa yeyote yule ambaye mtumaji hampendi leo. Siku hizi zimekuja na sauti za kughushiwa na kompyuta, ambazo nakiri siziwezi kuzitambua kwa sikio langu hili la uzee. Nimeona tu kwamba waghushi wengi bado wanashughulika na sauti ya msemaji, na hadhira wanaisahau. Nikipewa hotuba ya hadharani ambayo hakuna aliyekohoa, nasita kuituma mbele.

Nimalizie na bibi mmoja wa Missenyi, kule Kagera. Nilikwenda kwake na simu yangu na rekodi ya hotuba ya Novemba 1978, ile ambayo Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutampiga Amin, na akasema tunao uwezo, tunayo sababu na tunayo nia. Kila mmoja wenu anaijua. Nilitaka kujua ilisikikaje kwa mtu ambaye nchi iliyovamiwa ilikuwa shamba lake.

Akanieleza kwamba siku ile walikuwa wamekwisha kuvuka mto, wakijistiri kwenye nyumba ya mtu wasiyemfahamu vizuri, zaidi ya watu ishirini na redio moja. Betri zilikuwa zimechoka. Mchana kutwa walizianika juani ili zipate nguvu kidogo, kama tulivyokuwa tukifanya sote. Mwalimu alianza kuongea, wakasogea, mtu akambeba mtoto aliyekuwa analia akatoka naye nje. Sauti ikawa inakwenda ikififia, na kabla ya hotuba kwisha redio ikazima. Hakuna aliyesema kitu. Wakamtuma kijana mmoja akimbie nyumba ya pili, iliyokuwa na redio yake, akasikilize yaliyobaki aje awaambie. Akarudi anahema, akawaambia yale maneno matatu. Wao makofi yao walimpigia yule kijana.

Nikaweka simu kwenye kikombe cha bati, nikamchezea mpaka mwisho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuusikia mwisho ule kwa sauti ya Mwalimu mwenyewe. Akainama akasikiliza, na yale maneno matatu yalipopita akatikisa kichwa. Akasema Mwalimu ameyapanga vibaya, maana nia haikukaa hapo. Yule kijana aliyapanga vizuri zaidi.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa ni zamu yenu. Wa kwanza aliyenyoosha mkono ni yule mzee wa kofia.